Bi mkubwa ana saratani ya titi, dripu Unguja na mionzi Dar: sisi wa Pemba tunajipangaje?

Mchangamdogo

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mawazo ya waliopita njia hii, khasa watu wa Pemba.

Bi mkubwa wangu, yaani mama yangu, ana miaka 58. Alipata uvimbe kwenye titi la kushoto, hauumi, akakaa nao kimya mpaka dada yangu alipouona siku anamsaidia kuvaa. Akakatwa kinyama, majibu yakaja kuwa ni saratani. Upasuaji umeshafanyika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, titi limeondolewa lote pamoja na tezi za kwapani, na kidonda kinakauka vizuri alhamdulillah. Sasa daktari amesema aanze dripu za saratani hapo hapo Mnazi Mmoja, kila baada ya wiki tatu, na akizimaliza apelekwe hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi.

Tunaishi Mchangamdogo. Mie nasomesha skuli, dada yangu ana watoto wadogo, na kaka yetu mkubwa yuko Maskati, ndiye anayetuma sehemu kubwa ya pesa. Nauliza, baada ya kila dripu mama arudi Pemba au abaki Unguja? Tubebe makaratasi gani? Na la tatu ndilo zito. Kaka hataki mama aambiwe. Anasema akilisikia jina la maradhi yale atavunjika moyo. Mpaka leo mama anajua ametolewa jipu, na jana kaniuliza, "Jipu limeshatoka, huko Unguja nakwenda kufanya nini tena?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kombo wa Bububu

Wa alaykum salaam. Poleni sana, Mola amponye bi mkubwa. Mie nitajibu la malazi ya Dar tu, kwa sababu baba yetu alipigwa mionzi pale.

Mionzi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki baada ya wiki, kiasi atakachopanga daktari. Kulala kwenye mashine ni dakika chache, lakini kwenda na kurudi ndiko kunakomchosha mgonjwa. Ocean Road iko pwani, upande wa Ikulu, na ukishuka botini si mbali. Jamaa wa Mbagala au Chanika wakikwambieni mama akae kwao, washukuruni sana, lakini tafuteni wa Ilala au Kariakoo. Foleni ya asubuhi ya Dar si ya mtu mwenye kichefuchefu. Na tafuteni mapema, msingoje mpaka barua ya rufaa iko mkononi.

Ummu Nasra

Mwanangu, mie nimemuuguza dada yangu kwa maradhi haya haya, yeye lilikuwa titi la kulia, kuanzia kukatwa kinyama mpaka mionzi. Sisi ni watu wa Kengeja. Leo yuko kwake, anafuga kuku na anasuka ukili. Nitaanza na hilo la tatu, kwa sababu lisipokaa sawa hilo, hayo mawili ya mwanzo hayatasimama.

Mwambieni.

Najua kaka yako anasema kwa mapenzi. Lakini fikiri hali itakavyokuwa. Mama atakaa kwenye benchi la wagonjwa wa saratani, na pale wanawake wanaulizana, "Wewe lako la wapi?" Atayasikia maradhi yake kutoka kwa mtu asiyemjua, asubuhi, na tumbo tupu. Wiki mbili tatu baada ya dripu ya kwanza nywele zitaanza kumtoka, atazikuta kwenye mto na kwenye kitana. Jipu gani hilo linalong'oa nywele? Hapo ataacha kukuaminini nyote, na atakapokataa dripu ya pili hamtakuwa na neno la kumwambia likaingia.

Tena matibabu haya yanamtaka yeye mwenyewe awe macho. Mtu anayejua ana nini atasema, "Leo nahisi baridi, nipimeni joto." Aliyeambiwa jipu atajifunika blanketi alale, aone ni homa ya kawaida. Ni miezi ya kwenda na kurudi, na hakuna mtu anayevumilia miezi yote hiyo kwa jambo asilolijua.

Na kuna haki yake. Mama yako ana miaka 58, huyo si mtoto. Pengine ana mikarafuu yake, ana deni kwa mtu, kuna mtu anataka waoneane radhi. Hayo ni yake ya kuyapanga, awe ataishi miaka thelathini au vyenginevyo. Nyinyi hamna ruhusa ya kumpangia kwa kumficha.

Namna ya kumwambia: msikae ukumbini shangazi wote wanalia. Muombeni daktari aseme yeye, na aingie mtoto mmoja tu anayemtulia moyo. Aambiwe jina la maradhi, kisha hapo hapo aambiwe kilichokwisha kufanywa na kinachofuata: kwamba titi limeondolewa, na dripu ni ya kuzifuata chembe zilizoweza kutoka kwenye titi kabla ya kukatwa, zikajificha mahala pengine mwilini ambapo kisu hakifiki. Dada yangu alipoambiwa alinyamaza kitambo, akashika ncha ya kanga akaikunjakunja. Kisha akamuuliza daktari, "Nitaweza kusuka?" Si kufa wala kuishi alikouliza, aliuliza mikono yake. Daktari akamjibu ataweza, lakini mkono aufanyishe mazoezi kuanzia siku ile. Tokea hapo akawa yeye ndiye anayetukumbusha tarehe.

Huyo kaka wa Maskati mpigieni simu awe hewani siku hiyo, baada ya daktari kumaliza. Mama akimsikia mwanawe hatetemeki, na yeye atatulia.

Sasa makaratasi. Lenye thamani kuliko yote ni la majibu ya kinyama. Lisomeni na daktari, mumuulize kama vipokezi vya homoni vimepimwa, na kile kipimo chengine kinachoitwa HER2, cha protini iliyo juu ya chembe za saratani. Si maneno ya mapambo hayo, ndiyo yanayoamua dawa. Kama saratani yake inakula homoni, baada ya dripu na mionzi atapewa vidonge vya kila siku, mfano tamoxifen, kwa miaka mitano au zaidi, na hivyo ni matibabu khasa, si vya kutuliza maumivu kwamba akijiona mzima aviache. Kama havijapimwa, ulizeni kile kinyama chenyewe kiko wapi. Huwa kinagandishwa ndani ya nta, na vipande vyembamba vinawekwa kwenye vioo. Vinaweza kutumika tena kwa kipimo chengine bila ya kumkata upya. Sisi majibu yetu yalikawia kwenye maabara moja mpaka nikawa nakwenda kuuliza na kukaa pale pale, basi na wewe usione haya kufuatilia.

Mengine wekeni pamoja kwenye faili moja la plastiki: ripoti ya upasuaji, majibu ya kipimo cha moyo, picha zote alizopigwa, kitambulisho chake cha Mzanzibari, na karatasi inayoonesha kila dripu aliyopewa, jina la dawa, kiasi na tarehe. Hiyo ya mwisho watu wengi hawaiombi, na Ocean Road wataitaka. Barua ya rufaa angalieni ina muhuri. Kila karatasi ipigeni picha kwa simu mumtumie na kaka. Wewe ni mwalimu, kama ni wa Serikali basi nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ukaulize kama mzazi wako anaingia na kipi kinalipiwa, usitegemee habari za barazani. Hospitalini nako kuna watu wa ustawi wa jamii. Waoneni mapema, kabla pesa hazijakatika.

Dripu zenyewe. Msifike Unguja asubuhi ya dripu. Fikeni kabla, kwa sababu anatolewa damu kwanza, wakaangalia chembe nyeupe na wingi wa damu. Zikiwa chini anarudishwa, dripu inasogezwa mbele. Msigombane na nesi kwa hilo, dripu juu ya damu dhaifu ni hatari kweli. Ikiwa amepangiwa ile dawa nyekundu, ndiyo maana kapimwa moyo, na akienda haja ndogo siku ile ataona mkojo mwekundu. Ni rangi ya dawa, si damu. Mwambieni kabla, asije akashtuka chooni peke yake.

Kubaki au kurudi? Rai yangu dripu ya kwanza abaki Unguja mpaka muone mwili wake unaipokea vipi. Zinazofuata, kama hakutapika sana, anaweza kurudi akapumzika kwake, maana mtu hula vizuri zaidi jikoni kwake. Lakini tazameni bahari. Kusi ikishika, ule mkondo wa Nungwi unamtapisha mtu mzima wa afya, sembuse aliyetoka kwenye dripu. Hapo kaka akiweza atoe nauli ya ndege, ni kama nusu saa tu mpaka uwanja wa Chake. Ikiwa haiwezekani, mngojeeni siku tatu nne kichefuchefu kipungue ndio apande boti.

Takriban kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, kinga yake iko chini. Siku hizo asiende arusini wala hitimani, na mwenye mafua asiingie chumbani kumtazama, hata akiwa ametoka Micheweni kwa mguu. Mie nilikaa mlangoni nikiwapokea watu kwa niaba ya dada. Wapo walionuna. Chakula kipikwe kiive, matunda ya kumenya, maji yachemshwe. Na hili nalisema kwa heshima zote: kombe, zile aya zinazoandikwa kwenye sahani zikaoshwa na kunywewa, na dua sisi hatukuacha, lakini kombe lilioshwa kwa maji yaliyochemshwa. Dawa za miti za kunywa tulizisimamisha, kwa sababu ini lile lile linalochuja dripu ndilo litakalochuja na hizo. Kama kuna anayempa, daktari ajue jina lake. Mwezi wa Ramadhani ukimkuta katikati ya dripu, asifunge. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, na bi mkubwa wako akikaidi mleteeni sheikh anayemsikiliza.

La mwisho ni mkono, na hili hukuliuliza. Kwenye mionzi ya titi mgonjwa hulala chali mkono wa upande ule ukiwa juu ya kichwa, akae vile bila ya kutikisika. Ikiwa bega limekauka baada ya upasuaji, mkono haupandi, na wakati mwengine mionzi inabidi ingoje mpaka mkono ulainike. Muulizeni daktari kama kidonda kimeruhusu, kisha aanze sasa. Dada yangu alisimama kila siku mbele ya ukuta wa uani, akipandisha vidole kidogo kidogo mpaka pale anapoumia, na mwanangu anamwekea alama kwa mkaa. Kesho yake anaitafuta ile alama aipite. Ukuta ule ulijaa mistari mpaka juu ya dirisha, na baba wa nyumba hakuruhusu upakwe chokaa mpaka dada arudi kutoka Dar. Na mama yako, mkono wake wa kushoto msiruhusu upimwe presha wala uchomwe sindano, atoe wa kulia.

Muuguzi wa Chake

Ummu Nasra amesema mengi mazuri, Allah amlipe. Naongeza moja tu, kwa sababu nimepokea wagonjwa waliocheleweshwa.

Nunueni kipimajoto leo. Mgonjwa aliye kwenye dripu akifika nyuzi 38, awe amekaa vizuri au vibaya, anakwenda hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Msimpe panadol mkangoja kupambazuke, kwa sababu panadol itashusha joto na wadudu wataendelea kuenea kwenye damu. Kutoka Mchangamdogo mko karibu na Wete, nendeni hapo, na neno la kwanza mlangoni liwe, "Huyu anapigwa dripu za saratani, ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Msianze kwa kusema ana homa, maana wenye homa ni wengi na mtakaa kwenye foleni. Onesheni ile karatasi ya dawa. Anatakiwa atolewe damu na aanzishwe dawa za mshipa upesi, mengine yatafuata. Gari ya kumpeleka usiku ipangeni sasa, mjue ni ya nani na namba yake iko kwa nani.

Vidonda vya mdomo vikimtoka, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku, na pilipili na ndimu aziweke kando. Asipokunywa maji siku nzima, hilo nalo ni la hospitali.

Mchangamdogo

Shukran jazila nyote. Ummu Nasra, nimemsomea kaka maneno yako kwenye simu, neno kwa neno. Alinyamaza, akasema nimpe usiku mmoja. Asubuhi kaniambia tukienda kutolewa damu nimuombe daktari, na yeye atakuwa hewani. Dada yangu ndiye atakayeingia na mama, maana mie naogopa nitalia mbele yake.

Kipimajoto nimenunua. Gari tumepata ya jirani.

Nina maswali mawili madogo. Mama amezoea singo ya kujisugua mwilini na udi, na wageni wakija lazima chumba kifukizwe. Inafaa? Na siku ya dripu ikiangukia boti hazitembei kwa upepo, tumeharibu kila kitu?

Ummu Nasra

Mwanangu, mpe salamu kaka yako, mwambie amefanya jambo la mtu mzima.

Udi usubiri. Si haramu wala si sumu, lakini aliye kwenye dripu harufu kali inamgeuza roho, na dada yangu alikuwa hawezi hata kitunguu kikikaangwa nyumba ya pili. Muulizeni yeye mwenyewe kila siku anastahamili nini. Singo kwenye mionzi hapana kabisa. Ngozi pale itakuwa kama iliyopigwa na jua kali, itawiva na kuwasha, na kuisugua ni kuichana. Asipake singo, liwa, poda wala manukato upande ule mpaka daktari wa mionzi aseme. Maji ya kawaida, aipapase kwa kitambaa laini, na avae dera pana la pamba bila ya sidiria. Watamchora alama kwenye ngozi, basi asizisugue zikafutika, ndizo wanazolengea.

Ya boti, hapana, hamjaharibu. Siku moja mbili zikisogea kwa upepo daktari anaweza kuzipanga. Kinachoharibu ni mtu kuruka dripu nzima, au kujisogezea mwenyewe kwa sababu kuna arusi. Chukueni namba ya simu ya wodi siku ya kwanza, na mkiona taarifa ya upepo tu, pigeni kabla hawajaanza kumtafuta. Sisi miezi ya kusi tulikuwa tunavuka mapema kuliko siku iliyoandikwa, tunakaa kwa jamaa Kikwajuni. Kutoka hapo mpaka Mnazi Mmoja dada alikuwa anakwenda kwa miguu yake. Kama hamna mtu wa kufikia upande ule niandikieni faragha, nina binti ana chumba cha ziada.